Mistari Miwili

Swali la ishirini na tatu, ukurasa wa sita:
Je, umewahi kutumia, kuuza au kuhifadhi dawa za kulevya?
Kama ndiyo, eleza.
Wameacha mistari miwili.

Nakala tatu, herufi kubwa, wino mweusi,
picha nne za bluu nyuma, nilizopiga Stendi Ndogo:
shati la mpiga picha, tai ya mpiga picha,
shingo tu ndiyo yangu.

Kazi yenyewe ni masjala ya siri.
Kufungua jalada, kufunga jalada,
kutojua nilichokisoma.
Wanamtafuta mtu wa kuficha
na sharti la kwanza ni kwamba asifiche.

Binamu yangu Ndekirwa alicheka mpaka chai ikampalia.
"Andika HAPANA. Nani atakwenda kuuliza
moshi wa miaka kumi na mbili ulielekea wapi?"
Yeye ana kazi, ana kitambulisho cha kuning'iniza shingoni,
na namba ngeni ikimpigia
huitazama simu mpaka inyamaze.

Nikaandika HAPANA. Kwa penseli.
Herufi sita, zilikaa vizuri kwenye nafasi yake.
Julai hiyo Mlima Meru haukuonekana wiki nzima,
lakini Sanawari yote hakuna aliyesema mlima haupo.

Basi niseme.
Ilikuwa Ngarenaro, nyuma ya gereji ya kina Loserian,
juu ya tairi la lori, mimi na yeye
na mmoja tuliyemwita Profesa, aliyefeli kidato cha pili.
Msokoto mmoja watu watatu. Ijumaa. Halafu na Jumanne.
Halafu siku zikaacha kuwa na majina.
Sikuwa na msiba. Sikuponzwa na kundi baya,
kundi baya nilikuwa mimi, theluthi moja.
Nilikuwa na miaka kumi na tisa
na hata geti la jirani lilinichekesha.

Niliacha asubuhi waliyomchukua Loserian na kete arobaini,
nami nilikuwa nimechelewa
kwa sababu natafuta soksi.
Hilo mistari miwili hailibebi.
Soksi haina mahali pa kuandikwa.

Nikamwambia mama kwanza.
Alikuwa anachambua maharage, hakuinua kichwa.
"Lile koti la kijani," akasema,
"nililifua mara tatu kwa wiki. Ulidhani ni vumbi?"
Akaokota kijiwe, akakitupa uani, akaendelea.

Kumbe upekuzi wangu ulishafanyika zamani,
kwa sabuni ya mche na maji ya baridi,
na matokeo hayakutangazwa.

Kuna methali hapa, ile ya mficha uchi,
kila mtu anaijua.
Ila aliyeitunga hakuwahi kujaza nakala tatu.

Nilifuta. Karatasi ikachubuka.
NDIYO. BANGI. MIAKA MIWILI. NIMEACHA MWAKA WA KUMI NA MBILI HUU.
Mstari wa kwanza ukajaa.
Wa pili nikaanza: L, O,
kalamu ikasimama.
Hawakuuliza na nani.
Lile jina si langu kulitoa;
nikaigeuza LO kuwa doa
na mstari wote nikauacha mweupe.

Bi Nassari wa usaili alisoma taratibu,
miwani puani, jaketi mabegani, dirisha limefungwa kwa baridi.
Ukurasa wa sita kidole chake kikarudi nyuma,
kikapapasa pale palipochubuka.
"Hapa palikuwa na nini?"

"Hapana," nikasema.

Akanitazama.

"Palikuwa na *hapana*, mama. Nimeiondoa."

Hakucheka. Au alicheka kwa ndani, sijui,
watu wa kazi hiyo hucheka wapi?
Akavuta jalada langu upande wake,
akaandika jambo, mstari na nusu,
nami nikatazama ukutani, kwenye kalenda ya mwaka jana,
mpaka alipomaliza.